Tairi la Mbele na Kokoto za Amani

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Gurudumu hili la baiskeli mnaloliona mezani, hebu kijana uliye karibu libonye kwa kidole gumba. Gumu, sivyo? Hivyo ndivyo tunavyolipenda sisi wa Tanga. Na hatukosei: mji wetu ni tambarare, na mwenye gunia la nazi kwenye keria hawezi kwenda na tairi lililonywea. Lakini tairi hilohilo ukilipandisha Amani, kule milima ya Usambara, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, litakupiga mweleka wakati wa kushuka.

Mimi lilinipiga. Nilikuwa nateremka kuelekea kijiji cha Kisiwani, na kwenye kona moja kokoto zimetandaa juu ya udongo mkavu kama kunde zilizoanikwa. Gurudumu la mbele likaondoka kabla sijagusa breki. Kovu la goti ninalo hadi leo.

Tairi gumu likikutana na jiwe linarushwa. Lililopunguzwa upepo linabonyea, linalifuata jiwe umbo lake, na sehemu inayoshika ardhi inaongezeka. Mimi nina kilo 70, tairi langu lina upana wa inchi 2.35, natia upepo wa psi 25 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele na 28 nyuma, kwa sababu nyuma ndiko uzito ulikolalia. Nanunua geji yangu mwenyewe ya kupimia upepo, kidole kinadanganya.

Mwenye tyubu asipunguze upepo sana. Jiwe litalibana tairi mpaka kwenye ringi, na tyubu itatoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama umeng'atwa na nyoka. Ukiyaona hayo usihangaike kutafuta mwiba. Ongeza upepo kidogo. Tairi la tyublesi, yaani lisilo na tyubu, lenye dawa ya kuziba ndani linavumilia upepo mdogo zaidi, na miiba hailisumbui. Likichanwa ubavuni na jiwe kali, hapo dawa haifui dafu, kwa hiyo chagueni lenye ubavu mnene hata kama ni zito.

Sasa kashata, yale meno ya tairi. Kwenye kokoto zinazoviringika mnataka kashata ndefu, zilizoachana, na za pembeni ziwe imara, maana kwenye kona baiskeli inalalia hizo. Kwenye mwamba mtupu urefu hausaidii, kashata ndefu zinayumba. Kinachoshika pale ni ulaini wa mpira wenyewe. Mwenye fedha ya tairi moja tu jema alifunge mbele. La nyuma likiteleza utalirudisha kwa kiuno. La mbele likiondoka, uko chini.

Jambo moja la dukani, hasa kwa sisi wa baiskeli za mtumba. Msinunue kwa kutazama inchi peke yake. Someni namba ndogo ubavuni: 559 ni ya ringi ya inchi 26, 584 ni ya 27.5, na 622 ni ya 29. Ile 28 ya baiskeli ya Phoenix ya wazee wetu ni 635. Nimeona mtu kabeba tairi hilo toka Muheza akidhani litaingia kwenye 29 kwa kulazimisha, na fundi akashinda nalo mchana kutwa bure.

Gurudumu la pili hili hapa, lina psi 25. Libonyeni mmoja mmoja, kisha mrudi kulibonya lile la kwanza.