Fundisheni Baridi Kabla ya Kasia: Wanagenzi katika Mto Dart

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie safari za kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, mtoni wakati wa baridi, tena pamoja na wanagenzi, watu walioshika kasia juzi tu. Nitautumia Mto Dart wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ambako vijana wengi wa vyuo huanzia. Kwa desturi ya miaka mingi, sehemu ya juu ya mto huo hupigwa kayaki kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi. Kiangazi maji hupungua na mawe kujitokeza. Kwa hiyo mwanagenzi wa kule hana hiari: akitaka mto wenye maji, sharti aufuate wakati wa baridi.

Dart unatoka nyanda za juu za Dartmoor, penye miamba ya matale na udongo wa mboji. Mvua ikinyesha usiku kucha, udongo uliokwisha kushiba haunywi tena, na mto hupanda ndani ya saa chache, mwekundu kama chai ya rangi. Wenyeji wana usemi wa kale kwamba Dart hudai moyo mmoja kila mwaka. Kipande kinachopendwa, kutoka Newbridge kushuka hadi Holne, ni cha ngazi ya 2 na ya 3 katika kipimo cha kimataifa cha ugumu wa mito, kinachoishia 6. Ukitazama mawimbi peke yake, mwanagenzi aliyeandaliwa na mwenye kiongozi mzuri anaweza kuyapita.

Lakini kuna baridi, na hiyo ndiyo nimekuja kuisemea.

Waliopata kufika Jinja watanielewa. Nile pale ina mawimbi makubwa kuliko yote ya Devon, ila maji yake ni ya uvuguvugu. Anayepinduka huibuka akikohoa, akapanda tena. Januari, maji ya Dart huwa chini ya nyuzi 10. Ngozi ikikutana nayo ghafla, mtu huvuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kimo majini, huvuta maji. Kisha huhema mfululizo, moyo ukienda mbio. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mtafiti Mkanada Gordon Giesbrecht amelifupisha kwa makadirio matatu ambayo nawaomba myashike: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 kabla ya kuzimia kwa kupoa mwili.

Dakika ile ya kwanza inafundishika, na mwili huizoea. Wanafunzi wangu kwanza hujifunza jinsi ya kutoka ndani ya kayaki iliyopinduka kwenye bwawa la ndani, lenye maji ya moto. Kisha, ili wauzoee ubaridi, tukifika mtoni, kabla hatujaanza safari, kila mmoja huingia majini kwa hiari yake, karibu na ukingo palipotulia, nami nikiwa kando yake. Analala chali, jaketi okozi limbebe, miguu ikitangulia na kuelea juu, asubiri pumzi irudi. Hasimami kwenye mkondo kamwe, maana mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humsukuma na kumlaza kifudifudi. Mwenye kuogopa nampa muda. Asiyeweza siku hiyo, anabaki nchi kavu, na hilo tunalikubali bila kumwaibisha.

Mavazi sitayachambua sana: sufu au nailoni ndani, pamba marufuku, kofia nyembamba chini ya helmeti.

Jambo linalosahaulika ni kungoja. Mmoja akipinduka, wote humkimbilia yeye, ilhali anasogea, anapiga kelele, damu inazunguka. Mimi huwatazama wale waliojibanza nyuma ya mwamba, wamelowa, upepo ukiwapiga, hawasemi neno. Anayetetemeka bado anapigana. Aliyeacha kutetemeka huku ulimi umekuwa mzito na kasia linamponyoka, huyo safari yake imekwisha, tunamtoa pale pale. Kwa hiyo nakwenda na kundi dogo, kiongozi mbele na mwingine nyuma, na tunaanza mapema, kwa kuwa Desemba jua la Devon huzama mnamo saa kumi na robo jioni.

Kijana pale nyuma ameuliza kama pombe kali kidogo husaidia baada ya safari. Hapana, mwanangu. Hufungua mishipa ya ngozini. Mtu huhisi joto kumbe ndiyo linamtoka. Mvueni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mpeni chai ya sukari kama anaweza kumeza mwenyewe. Na mfanye hivyo kwanza, kabla ya kupakia kayaki garini.