Kipindi cha 64: Gari la Maiti na Simu Moja

NYAMBURA: Okoth, usiifungue hiyo karatasi kwanza.

OKOTH: Sijaigusa.

NYAMBURA: Nimeiona mfukoni. Wasikilizaji, leo Baba Achieng amekuja na mafunzo matano kuhusu Mike Sonko, gavana wetu wa zamani hapa Nairobi, yamepigwa mstari kwa wino mwekundu. Karibuni nyote. Naomba nianze na Jumanne, halafu atasoma.

OKOTH: Anza, Mama Shiru. Na pole tena kwa msiba.

NYAMBURA: Ahsante. Mama Chapati wetu ametuacha. Wale mlio nasi tangu kipindi cha kwanza, tuliporekodia kwangu Kayole, ndiyo ile sauti iliyokuwa ikisikika nyuma inaita watoto waje kula. Ameishi kwenye ploti yetu miaka 19. Mwili uko mochari tangu Ijumaa, na kwao ni Vihiga, kule magharibi mwa Kenya. Mimi ni mweka hazina wa kamati.

OKOTH: Kila kamati wewe ni mweka hazina.

NYAMBURA: Kwa sababu naandika kila shilingi na jina la aliyeitoa. Sasa Jumanne jioni tumekaa uani, watu 14, kitabu cha mchango kiko mapajani mwangu. Kimefika 31,400. Tumepigia watu watatu wenye magari ya maiti. Wa kwanza anataka 65,000. Wa pili 55,000. Wa tatu amekubali 48,000, lakini dereva alishwe na alazwe. Jeneza bado. Mochari inahesabu kila siku. Basi la waombolezaji hatujaligusa kabisa. Watu wamenyamaza. Kisha mzee mmoja, anauza viatu Gikomba, si mtu wa maneno mengi, akasema: "Wakati wa Sonko hii ingekuwa simu moja."

OKOTH: Najua mzee gani.

NYAMBURA: Na watu wote, Okoth, wakaitikia kwa vichwa. Vijana, akina mama, hata yule mwalimu wa chini. Hakuna aliyebisha. Nilitaka kubisha mimi, nikaangalia kitabu, nikakosa la kusema. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

OKOTH: Sasa hapo ndipo funzo langu la kwanza linaanzia.

NYAMBURA: Subiri. Wasikilizaji wanajua 2017 nilimpigia nani kura. Nilimpigia Kidero, gavana wa wakati huo, na nilisema hapa mara nyingi kwamba majirani zangu wamenunuliwa. Nilisema maneno mabaya kuwahusu watu ninaochota nao maji. Jumanne nimeona kwamba wale watu walikuwa wakipiga hesabu, na ni mimi niliyekuwa sijui hesabu yenyewe ni ya nini. Mimi nilikuwa nachagua gavana. Wao walikuwa wanauliza, usiku nikifiwa, ni nani atashika simu?

OKOTH: Nami ndiye niliyempigia Sonko kura. 2013 useneta, 2017 ugavana, na nikaimba barabarani. Kwa hiyo ukisema hawakununuliwa, unanitetea mimi, na nakushukuru. Lakini sitaki kutetewa kwa hilo.

NYAMBURA: Kwa nini?

OKOTH: Ngoja nifungue karatasi.

NYAMBURA: Sema bila karatasi.

OKOTH: Sawa. Tuwakumbushe wanaotusikiliza kutoka mbali. Nairobi haina meya tangu 2013, gavana ndiye aliyechukua kiti. Mike Sonko aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Makadara, 2010. Miaka mitatu baadaye akawa seneta kwa kura zaidi ya 800,000. Akaanzisha Sonko Rescue Team: ambulensi, magari ya zimamoto, matangi ya maji, magari ya maiti...

NYAMBURA: Na magari ya harusi. Usisahau harusi.

OKOTH: Na ya harusi. Ukioa au ukifa, gari lipo. Kisha Agosti 2017 akapata zaidi ya kura 870,000, akamwacha Kidero nyuma kwa zaidi ya 170,000. Funzo langu la kwanza linasema hivi: lile lilikuwa wimbi la chama chake cha Jubilee pamoja na hesabu ya makabila, na...

NYAMBURA: Hapana. Hapo sikubali hata sentensi iishe. Aprili 2017, kwenye mchujo wa Jubilee, alishindana na nani?

OKOTH: Peter Kenneth.

NYAMBURA: Peter Kenneth, ambaye wenye mali wa jiji hili walimtaka. Amevaa suti vizuri, anaongea vizuri. Wapiga kura wengi wa ule mchujo walikuwa Wakikuyu, wenzangu, na walimpa Mkamba wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki. Hilo ni kabila gani, Okoth?

OKOTH: Sawa. Futa nusu ya funzo la kwanza.

NYAMBURA: Nafuta. Na jina lenyewe. Sonko kwa lugha ya mtaani ni mtu mwenye pesa, mdosi. Alikuja na dhahabu shingoni, pete kila kidole, na watu wa upande ule wa jiji wakacheka. Nilicheka nami. Majirani zangu walisikia kicheko kile na wakajua hakimhusu yeye peke yake. Walijua tunacheka namna wanavyovaa wao siku wakipata. Kila alipochekwa alikuwa anaongezewa kura.

OKOTH: Hilo nalikubali lote. Mimi nilikuwa upande wa waliochekwa. Turudi kwenye gari la maiti.

NYAMBURA: Hebu turudi, maana sijamaliza. Mnajua kwa nini gari la maiti, si barabara wala si mitaro? Barabara mbovu unaizoea. Unaivuka, unachafuka, unafika. Lakini mwili hauvumilii. Mwili ukikaa mochari siku kumi, deni linapita bei ya jeneza. Makaburi ya Lang'ata tuliambiwa yamejaa tangu tukiwa vijana. Na hata yangekuwa wazi, watoto wake wanataka alale kwao Vihiga karibu na mume wake, na ni haki yao. Kwa hiyo maskini wa Nairobi ana safari moja ambayo lazima ailipe, hawezi kuiahirisha, na hawezi kupanda matatu. Aliyeijua safari hiyo alijua kitu kuhusu jiji hili ambacho wenye shahada hawakukijua.

OKOTH: Alikijua. Sibishi.

NYAMBURA: Na dereva anakuja usiku, hakuulizi fomu. Uliza mtu yeyote aliyewahi kuzika kutoka Eastlands, atakuambia saa ngumu kuliko zote ni saa ile ya kubembeleza mwenye gari.

OKOTH: Mama Shiru, sasa nisikilize na usinikate. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Kazi za kaunti zimeandikwa humo. Huduma za ambulensi zimo. Kuzima moto kumo. Makaburi, nyumba za kuhifadhia maiti na mahali pa kuchomea maiti, vimo. Kwa maandishi. Maana yake ni kwamba alipokuwa seneta, alichotoa kilikuwa msaada, na nilimshangilia kwa haki. Ila tangu Agosti 2017 ile ikawa kazi yake. Ilikuwa deni lake kwetu. Angeweza kuweka gari la maiti la kaunti kila wadi, lina jina la Nairobi ubavuni, na angeondoka likabaki. Magari yalikuwa na jina lake. Ndiyo maana Jumanne mmekaa uani na 31,400.

NYAMBURA: Na Kidero? Mfamasia, alikuwa mkuu wa kampuni kubwa ya sukari, nilimpigia kwa ajili ya hiyo wasifu. Jedwali la Nne lilikuwepo miaka yake yote minne na zaidi. Lilileta gari gani Kayole?

OKOTH: Halikuleta.

NYAMBURA: Basi unamlinganisha Sonko na nini? Mtu wa Kayole analinganisha gari lililokuja na gari ambalo halikuja. Wewe unalinganisha gari lililokuja na gari lililo kwenye kitabu.

OKOTH: Nalinganisha na gari ambalo lilikuwa mikononi mwake kulileta! Kidero sikumpa kura yangu. Huyu nilimpa. Tarehe 3 Desemba 2018 matatu zilifukuzwa katikati ya jiji kwa agizo lake. Ni nani waliotembea? Wenye magari yao walipita. Waliotembea ni waliompigia kura. Wajawazito, wazee, watu wenye magongo, wakishushwa Muthurwa na Ngara, jua likiwaka. Agizo likasitishwa haraka, lakini lilitolewa bila mtu kuwaza mguu wa yule mama. Mtu anayekujua wewe kwa simu moja moja hakujui ukiwa jiji zima.

NYAMBURA: Siku ile ilikuwa mbaya. Nakubali.

OKOTH: Tena Februari 2020 akaenda Ikulu akatia sahihi, afya, uchukuzi, mipango ya jiji na kazi za umma zikaenda kwa serikali kuu. Ofisi mpya, jenerali wa jeshi juu yake. Mimi sikumpigia jenerali. Kwa sahihi moja alitoa kura yangu na kura ya yule mzee wa Gikomba.

NYAMBURA: Wakati huo alikuwa tayari ameshtakiwa na kuzuiwa asiingie ofisini. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuelewa alichotia sahihi.

OKOTH: Ndiyo inayoniuma. Desemba mwaka huohuo madiwani wakamng'oa, Seneti ikathibitisha kwa kura 27 dhidi ya 16, na Mahakama ya Juu ikafunga mlango Julai 2022. Sasa niambie, baada ya hayo yote, yule mzee anaweza kusema nini isipokuwa "wakati wa Sonko"? Hana cha kudai. Msaada hauna ofisi ya kwenda kulalamika. Sisi tulijifunza kuomba vizuri sana tukasahau kudai. Nami nilikuwa mmoja wao, nina nambari yake ya zamani kwenye simu mpaka leo.

NYAMBURA: Na uliwahi kumpigia?

OKOTH: Hapana. Nilijua naweza. Ilinitosha.

NYAMBURA: Umesikia ulichosema? Ilikutosha. Mtu wa Kayole hajawahi kuwa na nambari ya mtu yeyote mwenye mamlaka. Sonko akiweka ofisa kwenye spika ya simu mbele ya watu, akamuuliza kwa nini mama huyu hajahudumiwa, yule ofisa anababaika. Watu waliosimama foleni maisha yao yote waliona foleni inajibu.

OKOTH: Na kesho foleni ilikuwa palepale.

NYAMBURA: Lakini siku moja ilijibu! Wewe siku moja unaiona ndogo kwa sababu leo hujafiwa.

OKOTH: Usiniambie hivyo, Nyambura.

NYAMBURA: Samahani. Hilo nalirudisha. Lililobaki silirudishi.

OKOTH: Nami sirudishi langu. Wewe unasema wale watu waliheshimiwa. Nasema walifanywa wadogo, kwa upole, na mimi nikiwa ndani yao. Walipewa kilicho chao kama zawadi.

NYAMBURA: Nasema kilicho chao hakikuwa kimewahi kuwafikia, na aliyekifikisha wamemkumbuka. Kumwambia mtu asubiri mfumo utengenezwe wakati mama yake yuko mochari, huko ndiko kumfanya mdogo.

OKOTH: Hatutaelewana.

NYAMBURA: Leo hapana.

OKOTH: Funzo la pili...

NYAMBURA: Saa ngapi?

OKOTH: Tuna dakika sita, watu wa saa moja wako mlangoni. La pili ni Rob Ford wa Toronto, meya aliyempa kila mtu nambari yake na akawapigia tena mwenyewe. Nilitaka kuonyesha kwamba vitongoji vya kule na Embakasi...

NYAMBURA: Hilo linataka kipindi kizima.

OKOTH: La tatu lilihusu wale waliotaka Sonko awe gavana wa Mombasa mwaka 2022. La nne na la tano nitaweka kwenye... [simu inalia]

NYAMBURA: Ni dereva. Lazima nishike. Haloo? Ndiyo, ndimi. Ndiyo, kesho saa kumi alfajiri... Kwani tulikubaliana nusu leo? Sawa. Sawa, nipe dakika kumi. [anakata] Anataka 24,000 leo usiku, la sivyo anachukua msiba mwingine wa Bungoma. Nyingine zote zimeenda kwa jeneza na mochari. Nimebakiwa na 20,500.

OKOTH: Inapungua 3,500.

NYAMBURA: Nitapigia mwalimu.

OKOTH: Usimpigie. Nakutumia. Ile nambari yako ya Safaricom?

NYAMBURA: Ndiyo, ileile. Ahsante, Baba Achieng. Ahsante sana. Ngoja nitoe kitabu.

OKOTH: Usiandike jina langu.

NYAMBURA: Lazima niandike.

OKOTH: Andika "mtu".

NYAMBURA: Kitabu changu hakina "mtu". Kila aliyetoa amesomwa kwa jina, hata aliyetoa 50. Okoth, 3,500. Imeingia?

OKOTH: Bado inazunguka.

NYAMBURA: Wasikilizaji, tutaonana Jumatano ijayo. Mnaotaka kuja Vihiga, gari linatoka Kayole saa kumi alfajiri, si saa kumi na moja.

OKOTH: Imeingia.