Mnaambiwa Siku Tano Kabla, Mbona Hamkimbii?

Assalam aleikum watu wa Amu, na nyinyi wa Malindi pia. Leo ni vimbunga, maana kila video, hata ile ya biriani, lazima mtu aandike chini: "Ndugu, huko Florida mnaambiwa siku tano kabla, mbona hamkimbii?" Haya, najibu. Na asije mtu kusema najishaua, au eti nalalamika nifungiwe virago nirudi.

Kuambiwa, twaambiwa kweli. Kituo cha vimbunga cha taifa kiko Miami, kinatoa taarifa kila baada ya saa 6, na pwani ikishawekwa kwenye tahadhari, kila baada ya saa 3. Kuna ndege zinaingia ndani ya kimbunga chenyewe, sikutanii, zinaangusha vipimo vyenye parachuti vikapime upepo na mgandamizo wa hewa. Sisi wa Tampa ofisi yetu ya hali ya hewa iko Ruskin. Kawaida wanarusha baluni za kupima hewa mara mbili kwa siku. Kimbunga kikikaribia wanaongeza, na wafanyakazi wanalala hapohapo ofisini kwa zamu. Tahadhari hutoka kama saa 48 kabla ya upepo mkali kufika, onyo saa 36.

Ila ile ramani mnayonitumia WhatsApp, yenye pembe nyeupe, sio ukubwa wa kimbunga. Inaonyesha kitovu huenda kikapita wapi, na takriban mara moja katika tatu kitovu hutoka nje yake. Kimbunga Helene, Septemba 2024, kitovu kilipita mbali baharini kikaenda kupiga pwani ya Big Bend kule kaskazini mwa Florida, na bado bahari ikaingia Tampa Bay, ghuba yetu. Kwetu maji yalifika kwenye soketi za ukutani. Na onyo la maji lilikuwepo!

Sasa kukimbia ni pesa. Hoteli za bara zimejaa, petroli foleni, na mimi nalipwa kwa saa: nisipoingia kazini, hakuna kitu. Wiki hiyohiyo binamu yangu wa Langoni ataka pesa za mashine ya boti. Nikamwambia ngoja, kaninunia mpaka leo.

Halafu bima. Nalipa kila mwezi bila kukosa. Nikajaza fomu, nikapiga picha, wakataka risiti ya godoro. Nani anaweka risiti ya godoro? Mwisho jibu likaja: upepo umo, mafuriko hayamo. Bima ya mafuriko ni karatasi nyingine, na ile ya serikali kwa kawaida huanza kazi siku 30 baada ya kuikata. Kwa hiyo huwezi kukiona kimbunga kwenye ramani ndio ukimbilie kulipa.

Kimbunga kingine, Milton, kilipokuja Oktoba hiyo ya 2024, tulihama. Anayeamuru kuhama ni kaunti, sio watu wa hali ya hewa, na kila eneo lina herufi yake ya kuonyesha nani ahame kwanza. Mimi natazama herufi kwanza, ramani baadaye. Wewe jirani yangu unaweza kuwa na nyumba ya juu, huna watoto, una gari zima, sikupangii.

Na wanaouliza kama Amu itapigwa: tuko karibu mno na ikweta, vimbunga havipati mzunguko wa kutosha hapo. Lakini kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifika Mafia, na pwani ya Kenya ikaonywa juu ya upepo na mawimbi. Mwenye mashua asiseme hayamhusu.

Bei ya tiketi nitaongea Jumapili, msinitumie tena.