Afande alishajua utafanya nini kesho

Habari za jioni ndugu zangu, asanteni kuja na mvua hii ya Jinja. Nimeambiwa niongee juu ya hadithi za kisayansi na polisi wanaotabiri uhalifu, najua kuna waliokuja kusikia mambo ya roboti, lakini mimi naanza na binamu yangu.

Binamu yangu alikamatwa usiku akitoka kuangalia mpira. Mkononi hana kitu, hajaiba, hajapiga mtu, akaambiwa panda gari (wazee naona mmecheka, mnakumbuka misako ile ya zamani, watu wanapakiwa kwenye magari). Kosa? Uzururaji. Ile sheria tuliachiwa na Mwingereza, ilisema mtu akionekana anazunguka mahali kwa namna ya kufanya watu wadhani ana nia mbaya, ashikwe. Yaani afande anakuangalia uso tu anajua kesho utafanya nini, kompyuta ya nini sasa? Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikuja kukifuta kipengele hicho Desemba 2022.

Sasa mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Philip K. Dick, akaandika hadithi fupi, The Minority Report, ndiyo ile mwongozaji Spielberg aliitolea filamu 2002. Kuna watabiri watatu wamefungwa kwenye viti wanaropoka, mashine zinachambua maneno yao, inatoka kadi ina jina la atakayeua na la atakayeuawa, polisi wanamchukua mtu kabla hajafanya kitu, wanamfungia kambini. Siku moja bosi wa kitengo chenyewe, Anderton, anachukua kadi anakuta jina lake.

Watu hupenda kubishana hapo kama binadamu ana hiari ama yote yameshaandikwa, na mimi nimebishana sana hasa kwenye chai, lakini angalieni hadithi inavyokwenda. Mtabiri wa kwanza anaona Anderton ataua. Wa pili anaona Anderton ameshaisoma kadi, kwa hiyo anaghairi. Wa tatu anaona ameshajua na hayo ya wa pili, basi anaua, ila kwa sababu nyingine kabisa. Kumbe kinachobadilisha mambo ni kusoma kadi! Na kwenye nchi nzima anayeweza kuisoma ni bosi wa polisi peke yake, wale wengine walioko kambini hakuna aliyeonyeshwa yake kwa wakati.

Hii kitu ya zamani. Nabii Yunus, Wakristo mnamwita Yona, alitumwa Ninawi, siku arobaini mji unaangamia. Watu wakasikia, mfalme akavaa gunia, mji ukapona, na katika Biblia Yona anakasirika kabisa maana utabiri wake umekwama.

Basi nikawa nasema dawa ni rahisi, kila mtu aambiwe. Mpaka niliposoma habari za Chicago. Kule polisi walikuwa na orodha ya kompyuta ya watu waliokadiriwa watapiga risasi ama watapigwa, na mwaka 2013 wakamfuata kijana mmoja mlangoni wakamwambia wazi. Majirani wakaona askari wameingia wakatoka, kijana hajafungwa pingu, wakasema ahaa huyu mpasha habari. Alikuja kupigwa risasi, si mara moja, mara mbili. Orodha baadaye waliiacha. Los Angeles nao 2020 wakaachana na programu yao ya kubashiri maeneo ya uhalifu, wakasema ni ukata wa hela wakati wa korona, lakini ubaya wenyewe ni kwamba hizi programu zinalishwa rekodi za polisi wenyewe, ni kama trafiki akisimama mzunguko uleule kila siku halafu rekodi iseme madereva wabaya wote wanapita pale.

Mimi tofauti naiona hapa: Ninawi waliambiwa mji mzima pamoja, mfalme na mchunga mbuzi, hakuna aliyebaki pembeni akimshuku mwenzake. Chicago aliambiwa mmoja, mtaa wote unachungulia dirishani. Mnaweza kunipinga, maswali yanakuja.

Na binamu yangu, eti sheria si ilifutwa, siku hizi akitoka kwenye mpira anatembea mbiombio kama mtu aliyetumwa dawa, simu sikioni. Juzi nilikuwa nyuma yake bila yeye kujua, namsikia anasema nafika sasa hivi mama, nimeshavuka steji, na simu yenyewe ilikuwa imezima chaji tangu dakika za nyongeza.