Kusoma Kumbukumbu ya Kompyuta kwa Amri Chache

Waheshimiwa walimu, ndugu mafundi na wanafunzi,

Nashukuru kwa kuitwa kuzungumza nanyi asubuhi hii, katika baridi ya Julai ambayo mwenyeji wa Mbeya hahitaji kuelezwa. Nimeombwa nieleze namna ya kukagua kumbukumbu ya kompyuta, ile ambayo sisi mafundi tunaiita ram, kwa kuandika amri kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, katika mfumo endeshi wa Linux. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na shule moja ya sekondari ambayo kompyuta yake ya ofisini, iliyotunza matokeo ya wanafunzi, ilikuwa nzito mno. Niliandika “free -h”, amri inayoonyesha hali ya kumbukumbu, nikaona MB 310 tu katika safu ya “free” kwenye kompyuta ya GB 8, nikamtangazia mwalimu mkuu kwamba ram imejaa. Shule ikanunua ram nyingine ya GB 8, nikaichomeka, na kompyuta ikabaki na uzito uleule. Siku chache baadaye safu ile ya “free” ilikuwa imeshuka tena karibu na chini kabisa.

Laiti ningesoma mstari wote. Kompyuta ile ilionyesha jumla ya GB 7.6, kwa kuwa sehemu ya zile GB 8 huwa imetengwa mapema kwa ajili ya kiini cha mfumo, yaani kernel, ile programu inayosimamia mashine nzima, na, katika mashine nyingi, kwa ajili ya picha za kioo. Programu zilikuwa zinatumia GB 2.1. Safu ya “buff/cache” ilikuwa na GB 5.2, na ile ya mwisho, iitwayo “available”, ilikuwa na GB 5.0. Kwa maneno mengine, kumbukumbu ambayo programu mpya ingeweza kupewa ilikuwa tele, nami nilikuwa nimesoma safu isiyojibu swali langu.

Ili tuelewane, tuchukue daladala inayotoka Tukuyu kuja Mbeya. Viti vikiwa vitupu, konda huweka juu yake matenga ya parachichi na mikungu ya ndizi, kwa sababu kiti kitupu hakimwingizii kitu. Abiria akisimama Kiwira au Uyole, tenga linashushwa, naye anakaa. Linux nayo hufanya hivyo: faili lililosomwa kutoka kwenye diski huachwa kwenye kumbukumbu, ili likihitajika tena lisifuatwe diskini, ambako ni mbali na mwendo ni wa polepole. Matenga hayo ndiyo yanayohesabiwa kwenye “buff/cache”. Safu ya “free” inahesabu viti visivyo na abiria wala tenga. Safu ya “available” inakadiria viti ambavyo abiria anaweza kuvipata bila kumsumbua aliyekwisha kukaa.

Nasema inakadiria, kwa sababu si kila tenga linashushika. Faili lililobadilishwa bila kuandikwa bado diskini ni lazima liandikwe kwanza, na kumbukumbu ambayo programu kadhaa zinaitumia kwa pamoja huhesabiwa ndani ya “buff/cache” ingawa haiwezi kutupwa hivihivi. Ndiyo maana kujumlisha “free” na “buff/cache” mwenyewe hakukupi jibu sahihi. Kadirio hilo lilianza kutolewa na kiini chenyewe katika toleo la 3.14, mwaka 2014, nayo amri ya “free” hulisoma kutoka “/proc/meminfo”, faili ambalo haliko diskini kabisa bali hutungwa papo hapo kila linapofunguliwa.

Wapo mafundi wanaopanga amri ya kufuta matenga yote kila saa, kupitia “/proc/sys/vm/drop_caches”, wakisema wanasafisha ram. Huyo ni konda anayetupa mizigo barabarani viti vikiwa vitupu, kisha anarudi Tukuyu kuifuata. Njia hiyo inafaa kwa majaribio ya kupima kasi ya diski, na sioni kazi nyingine ya kila siku inayoihitaji.

Basi tutajuaje kwamba kumbukumbu imepungua kweli? Kwanza, “available” inakuwa ndogo na inabaki ndogo. Pili, na hapa ndipo ningependa mtulie, kuna mwendo kati ya kumbukumbu na swapu, yaani ile sehemu ya diski inayopokea kurasa, vile vipande vidogo vya kumbukumbu, zilizotolewa kwenye ram. Swapu kuwa na kitu ndani si ushahidi, kwani huenda ni kurasa za programu iliyolala tangu jana. Ushahidi ni mwendo wenyewe. Andikeni “vmstat 5”, na kila baada ya sekunde 5 mtapata mstari mpya, ambamo “si” ni kinachorudi kutoka swapu na “so” ni kinachokwenda huko. Namba hizo zikipanda na kuendelea hivyo, kompyuta inahangaika kuhamisha mizigo badala ya kufanya kazi, na hapo kununua ram kuna maana.

Kujua ni programu gani inayokula, fungueni “top” na mbonyeze M kubwa. Msijumlishe tu safu ya “RES”, yaani kiasi cha ram ambacho kila programu inakishikilia, kwa kuwa ukurasa unaotumiwa na programu kumi huhesabiwa mara kumi, na kivinjari chenye vichupo vingi kinaweza kuonekana kimezidi ram yote. Na kabla ya kushika bisibisi, “sudo dmidecode -t memory” huonyesha, kwenye mashine nyingi, kila tundu la ram lina nini na lipi liko wazi.

Nirudi shuleni. Nilipoitwa mara ya pili niliendesha “vmstat”, na “si” na “so” zilikuwa sifuri tupu. Lakini kulia kuna safu iitwayo “wa”, ambayo haihusiani na a-unganifu ya walimu wa Kiswahili: ni asilimia ya muda ambao kichakataji kimekaa bure kikisubiri diski au kifaa kingine kama hicho. Ilikuwa juu ya 60 wakati wote. Diski ndiyo iliyokuwa inakufa, na matokeo ya wanafunzi yalikuwa ndani yake. Tuliyanakili mchana huohuo, kisha tukaibadilisha.

Sasa washeni kompyuta zilizo mbele yenu, mfungue terminali na muandike “vmstat 5”. Mstari wa kwanza muuache, kwa sababu huo ni wastani tangu mashine ilipowashwa. Anzeni kusoma wa pili.