Meza ya Kutungia: Mhadhara kwa Wanamuziki Chipukizi wa Kantri, Mombasa

Hamjambo nyote. Waliovuka Likoni asubuhi hii, poleni na foleni. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni.

Kijana wa gitaa akikwama mjini hapa, neno la kwanza kumtoka ni "sina konekshen," yaani hana watu wanaomjua. Leo tulifungue neno hilo, kwa sababu katika kantri, muziki huu wa gitaa uliokulia kusini mwa Marekani, lina maana yake mahususi. Muziki huu umejengwa na watu wanaokaa wawili watatu mezani wakatunga, kisha wakasindikizana jukwaani. Anayekujua ni aliyefanya kazi nawe akaona unafika saa ngapi, unajua nyimbo zako, na ukikosolewa unakunja uso au unashika kalamu. Aliyeipokea namba yako ya simu hakujui bado.

Kabla hatujafika mbali, niwatoe haya wale wanaoambiwa mitaani kwamba huu ni muziki wa Wazungu. Banjo ina asili ya ala za Afrika Magharibi zilizofika Marekani pamoja na watumwa. Kipindi cha redio kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry kilianza Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, Novemba 28, 1925, na mmoja wa nyota wake wa mwanzo alikuwa Mmarekani Mweusi, DeFord Bailey, mpiga kinanda cha mdomo. Na hapa kwetu Kenya, mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ambaye sauti yake ilikuwa imefika kwao kwa santuri. Siku hizi Sir Elvis na Esther Konkara wanajulikana nchini kwa kazi hii hii. Basi shikeni magitaa yenu bila kuomba radhi.

Sasa Nashville kwenyewe kuna mkahawa mdogo, Bluebird Cafe, uliofunguliwa 1982. Unaingia watu 90 hivi. Watunzi wanne huketi duara katikati ya ukumbi, wasikilizaji wakawazunguka. Mmoja anaeleza kidogo wimbo wake ulivyozaliwa, anauimba, wenzake wanamtia gitaa au sauti ya pili, kisha zamu inahama. Garth Brooks, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa kantri, alifika mji huo mara ya kwanza 1985, hakumaliza hata siku mbili akarudi kwao Oklahoma. Akarejea 1987 akaanza upya. Kampuni ya rekodi ya Capitol ilikuwa imeshamkataa, lakini mtu wao alipomsikia pale Bluebird mwaka 1988, katikati ya watunzi wenzake, wakamchukua. Sauti ilikuwa ile ile na nyimbo zile zile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii alisikika akiwa kazini.

Duara kama hilo tunaweza kuliweka Mombasa wiki ijayo. Linataka watunzi wanne, viti vinne, magitaa mawili au matatu yaliyotuniwa kwa kifaa kimoja, na chumba ambacho feni lake halipigi kelele. Wasikilizaji wasipozidi 30, spika haina kazi. Kila mtu alete nyimbo tatu, zote zake. Wimbo dakika tatu au nne, maelezo dakika moja: nyimbo 12 zinakwisha kwa saa moja. Duara huharibika kwa mambo yale yale kila mara. Mtu analeta wimbo wa Don Williams kwa sababu anaona haya kuimba wake. Mwingine anaeleza dakika sita wimbo wa dakika tatu. Au magitaa yote manne yanapiga mdundo ule ule mahali pale pale, na maneno yanazama. Anayesindikiza aweke kepo, kile kibanio cha nyuzi, ili apige juu zaidi kwenye shingo ya gitaa, apige nyuzi chache, na kwenye ubeti wa kwanza anyamaze kabisa. Kunyamaza vizuri nyuma ya mwenzako ni sifa inayosafiri mji mzima.

Siku ichaguliwe kwa akili. Ijumaa na Jumamosi wapigaji wenye kazi wako mahotelini, kwa hiyo wekeni Jumanne au Jumatano. Mwezi wa Ramadhani muziki wa hadhara hupungua Pwani. Utumieni kwa kutunga na kurekodi.

Tuingie kwenye meza ya kutungia, na hapa nitakaa kidogo. Tuseme mko watatu. Kila mmoja aje na mambo matatu kwenye daftari: mstari, jina la wimbo, au picha aliyoiona. Asije na wimbo uliokamilika. Mmoja kati yenu ana mstari huu: "Mariakani hawapimi mzigo wa moyo." Huo unatosha kuwa wimbo. Kila mtu hapa anaijua mizani ya malori ya Mariakani, na kila mtu anaelewa dereva wa lori anayeondoka Changamwe na jambo la nyumbani limemkaa kifuani. Marekani wana nyimbo nyingi za madereva wa malori. Sisi tuna barabara ya kutoka bandarini hadi Malaba, na nyimbo zake hazijatungwa hata robo.

Mstari huo unakaa mwisho wa kiitikio. Kazi yenu ni kuufanya ubadilike maana kila unaporudi. Ubeti wa kwanza uwe na vitu vya kushikika: saa kumi alfajiri, turubai inafungwa kamba, chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki, mke kasimama mlangoni hasemi. Msiandike "nina huzuni." Mwekeni mke mlangoni, msikilizaji atajua mwenyewe. Ubeti wa pili dereva yuko Mtito Andei, simu inaita haipokelewi, na kiitikio kikija tena mzigo umezidi. Kwenye daraja, ile sehemu inayotofautiana na beti kabla ya kiitikio cha mwisho, geuzeni upande: mke naye aseme, naye ana mzigo wake ambao hakuna mizani iliyoupima. Kiitikio cha mwisho sasa ni cha watu wawili. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwenye mashairi, tunajua vina na mizani tangu utotoni. Hilo ni jambo jema, ila angalieni: kina kikikulazimisha utumie neno ambalo dereva hawezi kulisema, achaneni na kina. Kantri inataka maneno yanayosemeka.

Rekodini kikao chote kwa simu. Mstari mzuri kuliko yote hutajwa mara moja kwa bahati, na baada ya dakika kumi hakuna anayeukumbuka.

Halafu, kabla chai haijapoa, andikeni mgao, yaani kila mmoja anamiliki kiasi gani cha wimbo. Urafiki mwingi wa wanamuziki huvunjikia hapa, na huvunjika kwa sababu wimbo umefaulu. Karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, asilimia ya kila mtu, sahihi. Mila ya Nashville ni kwamba waliokuwa chumbani hugawana sawa, hata kama mmoja siku hiyo alitoa neno moja tu. Mimi naiunga mkono mila hiyo kwa moyo wote. Watu wakianza kuhesabu maneno, kila mmoja hung'ang'ania mstari wake hata ukiwa mbovu, ili asipungukiwe. Wakijua ni sawa kwa sawa, wanaukata bila uchungu.

Tofautisheni pia haki mbili. Utunzi, yaani maneno na mahadhi ya wimbo, ni mali ya watunzi. Rekodi ni mali nyingine, na mara nyingi humwangukia aliyeigharimia. Prodyuza wa studio akikwambia "nitakurekodia bure," muulize papo hapo: bure kwa kubadilishana na nini? Anachukua sehemu ya rekodi, ya utunzi, au zote mbili? Jibu liandikwe. Sajilini kazi KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na kabla hamjajiunga na shirika lolote la kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya nyimbo, angalieni kama leseni yake ya mwaka huo ipo. Kwa mlio wa kuitikia simu, yaani wimbo anaousikia anayekupigia, marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yanampa msanii au mwenye haki asilimia isiyopungua 52. Anayekuletea mkataba wa kukupa 20 mwonyeshe sheria.

Jambo linalowafanya wapigaji wakutamani ni kuja na karatasi ya wimbo. Nashville hutumia namba, mfumo ulioanzishwa na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950. Kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, hupewa namba ya noti inayoianzia: ya noti ya kwanza ya ki (key) unayoimbia ni 1, ya nne ni 4, ya tano ni 5. Wimbo wetu wa Mariakani unaweza kuandikwa hivi, kila namba ikiwa kipimo kimoja cha mdundo:

1 1 4 1
1 1 5 5
1 1 4 4
1 5 1 1

Ukiimba kwa ki ya G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D. Siku hiyo una mafua na sauti imeshuka, mnahamia E: 1 ni E, 4 ni A, 5 ni B. Karatasi haibadiliki, wala hamna haja ya kuandika upya. Kodi ndogo, yaani ya maina (minor), huwekewa kistari, kama 6-. Chapisha nakala nne, andika juu ki, mwendo, na nani anaanza. Mpiga besi ambaye hajawahi kukusikia atakufuata kwa dakika mbili, na ataondoka akisema kufanya kazi nawe ni raha.

Tena msitafute wapiga kantri peke yao, ni wachache. Mombasa ina mafundi wa fidla na kodiani kwenye taarab, na wapiga gitaa na saksafoni wa bango, mtindo aliouasisi Mzee Ngala. Fidla ya taarab hurudia na kupamba alichokiimba mwimbaji. Ya kantri husubiri mwisho wa mstari, inajaza ile nafasi ya vipimo viwili, kisha inajitoa. Ukimweleza mpigaji wa taarab jambo hilo moja kwa adabu, utapata fidla bora. Nawe siku atakapopiga harusini nenda kambebee spika. Makanisani pia kuna waimbaji wa sauti ya pili na ya tatu waliofundishwa vizuri.

Hoteli. Misimu mikubwa ya Pwani ni Agosti, Desemba na Pasaka. Miezi ya masika, Aprili hadi Juni, ukiondoa Pasaka yenyewe, hupoa. Meneja wa burudani hupanga Desemba mapema, kwa hiyo mfikie Septemba au Oktoba, asubuhi katikati ya wiki, wageni wakiwa wameshakula. Mpe video moja ya sekunde 90 iliyopigwa mkupuo mmoja bila kukatwa, kwa sababu anataka kujua utasikikaje usiku huo. Mwambie mko wangapi, mna sauti kiasi gani, mnaweza kupiga saa ngapi bila kurudia. Magitaa mawili na sauti mbili huuzika kuliko bendi ya watu saba, maana pembeni kuna watu wanaokula na kuzungumza. Beba waya wa jeki wa akiba, betri ya volti 9, na seti nzima ya nyuzi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu hula nyuzi haraka: zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, gitaa lilale ndani ya kesi na vipakiti vya kukausha unyevu, wala lisiegemezwe ukuta unaotazama bahari.

Baada ya kukutana na mtu, mwandikie siku inayofuata. Ujumbe usizidi mistari minne: "Shikamoo Mzee. Mimi ni yule kijana aliyepiga gitaa la pili jana usiku. Nimefurahi ulivyotueleza habari ya kupunguza mwendo kwenye daraja. Nimeurekebisha wimbo, huu hapa, dakika tatu." Basi. Wimbo mmoja, kiungo kimoja. Usiombe kazi kwenye ujumbe wa kwanza, usitume nyimbo saba, na usipige simu Ijumaa mchana. Asipojibu, rudi baada ya wiki tatu ukiwa na kitu kipya. Kumuuliza "uliona ujumbe wangu?" kunamdai deni ambalo hakukopa.

Na moyo wa kazi hii? Nadhani mmeshausikia ndani ya yote niliyosema. Nitaongeza moja tu, kwa sababu linaumiza. Utakaa kwenye duara, wimbo wako upite kimya, wa jirani yako ushangiliwe. Usiku huo huo muulize jirani yako, kwa nia safi, mstari ule aliupata vipi, kisha umwombe siku ya kutunga pamoja. Wivu ukiupa daftari, unageuka masomo. Wekeni kipimo mnachokimiliki: nyimbo mbili kwa mwezi, 24 kwa mwaka, katika hizo pengine tatu ni za kuimbwa mbele za watu. Idadi ya waliokutazama mtandaoni haimo mikononi mwenu. Idadi ya kurasa mlizojaza imo.

Karatasi za mgao ziko mezani pale mlangoni, pamoja na karatasi tupu za namba. Kila mtu achukue mbilimbili. Wale wanne waliosema wana nyimbo tatu tatu za kwao, njooni hapa mbele, tupange Jumanne.