Jina la Wimbi na Hatima ya Mgonjwa

Tazameni ukutani. Huu ni mchoro wa EEG, yaani wa umeme wa ubongo, wa sekunde 10. Mistari imelala karibu sawasawa, kisha mawimbi marefu yanafumuka ghafla, kisha kimya tena. Naona baadhi yenu mmeshatikisa kichwa. Ngojeni. Huyu anaweza kuwa mtu ambaye moyo wake ulisimama juzi. Anaweza vilevile kuwa mtu aliyelazwa usingizi mzito kwa propofoli, dawa ya usingizi, na kesho akawa anaongea.

Hans Berger, alipochapisha mwaka 1929 michoro ya kwanza ya mawimbi ya ubongo wa binadamu, alitupa mawimbi ya alfa, yanayopiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde. Sisi wa wodi ya mahututi tunahangaika na yale yasiyo na adabu. Zamani tuliyapa majina yaliyobeba hukumu: ukitaja “mawimbi ya awamu tatu”, kila mtu anasikia ini limeshindwa. Siku hizi, kwa istilahi za Marekani zilizorekebishwa mwaka 2021, unasema unachokiona tu. Kiko upande mmoja au pande zote? Kinakuja kwa vipindi au kinafuatana bila kupumua? Mara ngapi kwa sekunde?

Usahili huo umelipa. Miripuko ya vipindi ya upande mmoja huandamana sana na kifafa, hata kile kisichotikisa mwili. Delta ya mdundo ya pande zote, yaani mawimbi ya polepole yanayojirudia, ambayo kwa macho inatisha zaidi, karibu haihusiani nacho.

Kwa aliyesimama moyo, mchoro uliozimika kabisa, dawa zikiwa zimeshatoka mwilini, ni dalili mbaya mno. Hata hivyo mwongozo wa Ulaya wa 2021 unataka dalili mbili angalau zikubaliane, saa 72 au zaidi zikiwa zimepita. Maana ukizima mashine inayomweka mgonjwa hai kwa sababu ya mchoro, mchoro hautakosea kamwe.

Na kulifuta wimbi si kumponya mtu. Mwaka 2022 jaribio la TELSTAR liliwapa dawa kali za kifafa baadhi ya wagonjwa 172 waliokuwa kwenye koma baada ya moyo kusimama. Kwa zaidi ya nusu ya waliotibiwa, mawimbi yalifutika. Baada ya miezi 3, hali ilikuwa mbaya kwa asilimia 90 yao; kwa wasiopewa, asilimia 92.

Turudi ukutani. Nani ataniambia pampu ya propofoli ilizimwa saa ngapi?